Zege na Jua: Safari ya Majengo ya Louis Kahn

Jumatatu, Philadelphia

Northern Liberties haina cha kumwonyesha mtu anayemtafuta Louis Kahn. Sasa ni mtaa wa mikahawa na maghorofa mapya yaliyovalishwa mabati ya rangi, na kijana niliyemkuta akifagia mbele ya duka aliniambia kwa upole kwamba jina hilo hajawahi kulisikia. Lakini ni hapa alipokulia msanifu majengo ambaye wasanifu wenzake wanamtaja kwa sauti ya chini kama watu wanavyomtaja sheikh.

Alizaliwa 1901 huko Estonia, wakati huo chini ya dola ya Urusi, katika familia ya Kiyahudi. Jina lake lilikuwa Leiser-Itze Schmuilowsky. Akiwa na miaka mitatu hivi alivutiwa na rangi ya makaa yaliyokuwa yakiwaka, akayazoa na kuyatia kwenye aproni yake. Moto ukamuunguza uso na mikono, na makovu yale alizeeka nayo. Mwaka 1906 mama aliwavusha bahari yeye na wadogo zake kumfuata baba aliyekuwa ametangulia. Jina la Kahn baba alilichukua baadaye, walipokwisha kuizoea nchi. Walikuwa maskini wa kuhamahama vyumba vya kupanga. Kijana alichora kwa mkaa, akashinda mashindano ya wanafunzi wa jiji, na jioni alipiga piano kwenye sinema za enzi zile zisizo na sauti ili nyumbani pawe na chochote. Angekuwa mchoraji wa picha kama si somo moja la historia ya majengo alilolipata mwaka wa mwisho wa sekondari.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania alifundishwa na Paul Cret, Mfaransa wa shule ya kale: nguzo, mhimili, upande huu ulingane na ule. Alihitimu 1924. Kisha miaka ikaenda. Uchumi wa dunia ulianguka 1929, kazi zikakauka, na mkewe Esther, aliyemwoa 1930, ndiye aliyekuwa na mshahara wa kutegemewa. Wakati wa vita alichora nyumba za wafanyakazi wa viwandani, kazi ya heshima isiyomletea jina. Hadi anakaribia miaka 50 hakuwa na jengo ambalo mtu angefunga safari kwenda kulitazama. Nina rafiki zangu Dar es Salaam wenye miaka 35 wanaolalamika kwamba wameshachelewa. Nitawatumia tarehe hizi.

Mchana nilivuka mto Schuylkill kwenda chuoni kuona Richards, maabara za utafiti wa tiba zilizoanza kuchorwa 1957. Minara ya matofali mekundu isiyo na dirisha imesimama ubavuni mwa minara ya vioo. Ile ya matofali inabeba ngazi, mabomba na hewa chafu ya maabara. Ile ya vioo ni ya watu kufanyia kazi. Kahn alizitenga nafasi zinazohudumiwa na nafasi zinazohudumia, na vitabu vya usanifu bado vinalisifu wazo hilo. Kwa mtu aliyekulia nyumba ya Kiswahili, ambako jiko na choo vina ua wao huko nyuma, halishtui sana. Linaloshtua ni kuliona limepandishwa juu ghorofa kwa ghorofa. Mhandisi wake August Komendant, naye mzaliwa wa Estonia, alitengeneza fremu za zege zilizomwagwa kiwandani, zikaletwa hapa na kukazwa kwa nyaya za chuma. Viungo vyake vimekaa sawasawa kiasi kwamba nilipitisha kidole kwenye kona moja kutafuta kosa la fundi, sikulipata.

Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York iliweka maonyesho ya jengo hili 1961. Watafiti waliokuwa ndani walikuwa na maoni yao. Jua liliingia kwenye pembe za vioo, likawapiga machoni na kwenye vipimo vyao, wakaanza kubandika karatasi za aluminiamu madirishani. Nilikaa nje kwenye bustani mpaka saa kumi jioni nikiangalia jua linavyozipiga zile pembe. Wale watafiti walikuwa na haki.

Jumanne, Philadelphia

Michoro yake imehifadhiwa chuoni. Niliomba nafasi mapema, wakanipangia saa tatu asubuhi, penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Nilikuwa nimeomba faili moja kabla ya mengine yote: Luanda.

Kati ya 1959 na 1961 Kahn alichora ubalozi mdogo wa Marekani mjini Luanda, Angola ikiwa bado koloni la Wareno. Haukujengwa. Lakini alikwenda kuuona mji, na huko jua lilimfundisha alichokikosa alipochora Richards. Aligundua kwamba dirisha linaumiza macho kwa sababu ukuta unaolizunguka uko gizani huku nje kunawaka. Dirisha linalotazamana na ukuta halina shida hiyo: jua linaupiga ukuta kwanza, na anayekaa ndani anapata mwanga uliokwisha kupoa. Aliona pia kwamba watu waliofanya kazi zao nje walikaa wameuelekea ukuta, wakaipa njia kisogo. Akarudi akachora jengo lenye kuta mbili. Ule wa nje unasimama peke yake na matundu makubwa ya duara na ya pembe, hauna kioo, kazi yake ni kupigwa na jua. Juu akaweka mapaa mawili, moja la mvua na moja la jua, hewa ikipita katikati.

Nililiangalia lile paa la pili muda mrefu. Wazee wa Ngamiani, Tanga, wanajua pa kuweka kiti saa nane mchana bila kuchorewa na mtu. Hata hivyo kujua pa kuweka kiti si sawa na kulifanya hilo kuwa ukuta wa mita nane, na sisi wasanifu wa pwani tumekuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo tukaishia kununua viyoyozi.

Ukuta ule ulihamia Asia. Mwaka 1962 Kahn alipewa kazi ya Bunge la Dhaka, Pakistan ya Mashariki wakati huo. Aliyepaswa kuichukua, Muzharul Islam, msanifu mwenyeji, ndiye aliyependekeza aitwe mtu mkubwa wa nje. Mwaka huohuo ikaja shule ya menejimenti ya Ahmedabad, India, kupitia kwa Balkrishna Doshi, msanifu wa huko. Kwenye michoro ya Dhaka matundu ya duara yamekua mpaka kufikia urefu wa ghorofa kadhaa. Kuna mchoro unaoonyesha mikanda ya marumaru nyeupe inayopita kwenye ukuta wa zege, kila baada ya futi tano. Sababu yake ni ya kifundi kabisa: futi tano ndizo walizoweza kumwaga kwa mkupuo mmoja, karai kichwani, jukwaa la mianzi, na mahali zege ya leo inapokutana na ya jana hubaki mshono mbaya. Badala ya kuupiga plasta mshono, akauvisha marumaru. Kila mtu aliyesimamia saiti bila mashine ya kutosha anaijua aibu ya mshono ule. Jengo lilimalizika 1982, nchi ikiwa imeshakuwa Bangladesh na yeye akiwa kaburini miaka minane.

Jioni nilipita kona ya mitaa ya 15th na Walnut, ilipokuwa ofisi yake. Alikesha humo. Alichora upya vitu ambavyo mteja alishavikubali, na ofisi ikala hasara hata kazi zilipokuwa nyingi. Alikufa akiacha deni linalokadiriwa kuwa karibu nusu milioni ya dola. Jimbo la Pennsylvania lilinunua michoro ili isitawanyike, ndiyo maana leo niliweza kuishika.

Na kuna mambo ya nyumbani, ambayo huwezi kuyaruka kwa sababu yamo ndani ya kazi. Kwa Esther alikuwa na binti, Sue Ann. Kwa Anne Tyng, msanifu wa ofisini kwake, akazaa Alexandra 1954. Kwa Harriet Pattison, msanifu wa bustani, akazaa Nathaniel 1962. Kwetu mwanamume mwenye nyumba tatu hujulikana mtaa mzima, na zamu zake zinajulikana pia. Kinachonishangaza kwa Kahn si idadi ya nyumba, ni ule ukimya, na kwamba wanawake wawili kati yao walimfanyia kazi ambayo kwa miaka mingi ilisomeka kwa jina lake peke yake.

Jumatano, Trenton

Treni ya asubuhi, halafu teksi hadi Ewing, nje kidogo ya mji. Dereva alitaka kuhakikisha mara mbili kwamba ninakwenda kweli kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya bwawa la kuogelea.

Ndivyo vilivyo. Vilijengwa 1955 kwa ajili ya kituo cha jumuiya ya Wayahudi: vyumba vinne vya mraba vya matofali ya saruji vikizunguka ua ulio wazi, kila kimoja na paa la mbao la piramidi linaloelea juu ya kuta bila kuzigusa, mwanga na hewa vikipita pembeni. Pembe za kila mraba ni vijumba vidogo vilivyo wazi ndani. Paa limekalia hivyo, na ndani yake ndimo kuna choo, stoo, na mlango uliojipinda ili mtu wa nje asimwone anayevaa. Nguzo na stoo ni kitu kimoja. Tyng alikuwa na mkono mkubwa katika hesabu zake. Kahn mwenyewe alisema baadaye kwamba alijigundua akiwa hapa, na namwamini, kwani wazo la minara ya Richards limo humu likiwa bado dogo na la bei nafuu.

Msimu wa kuogelea umekwisha, ua ulikuwa mtupu, majani mawili matatu yakizunguka na upepo. Mlinzi aliniacha nipime. Tofali ni la kawaida, lile ambalo kila kiwanda cha pembeni mwa barabara ya Bagamoyo kinalifyatua. Halina plasta, halina rangi. Nimelala New York.

Alhamisi, New Haven

Kwenye mtaa wa Chapel unaweza kusimama na kuona mwanzo na mwisho wa kazi yake bila kugeuza shingo sana.

Upande mmoja ni jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale, lililofunguliwa 1953, kazi yake ya kwanza kubwa. Alikuwa anafundisha hapo, na muda mfupi kabla alikuwa amekaa Roma, akazunguka Ugiriki na Misri akichora mahekalu na piramidi kwa chaki za rangi. Nadhani zile piramidi ndizo zilizomrudisha kwa Cret bila mwenyewe kukiri. Upande wa mtaani ni ukuta mtupu wa matofali, hauna dirisha hata moja. Ndani, dari ni zege iliyosukwa kwa pembetatu, na taa na mabomba ya hewa vinapita mle kwenye mashimo ya pembetatu, vinaonekana lakini havijitokezi. Hili nalo ni la Tyng kwa sehemu kubwa. Ngazi iko ndani ya mnara wa zege wa duara. Ukitazama juu unakuta pembetatu ya zege imezuia mwanga wa paa, mwanga unaizunguka na kushuka kandokando.

Ng'ambo ya barabara ni Kituo cha Sanaa za Uingereza, alichokiacha kikijengwa, kilifunguliwa 1977. Nje ni bamba za chuma zisizong'aa na vioo, siku ya mawingu huwezi kulitofautisha na anga. Ndani ni kinyume: mwaloni mweupe, kitani, zege laini, na paa zima la vitundu vya mwanga wa juu. Kwenye ukumbi wa maktaba mnara wa ngazi umesimama kama silo, haujapambwa kwa chochote. Michoro mingi ya farasi na mashamba ya mabwana wa Kiingereza haikunisisimua, nasema ukweli. Niliangalia kuta. Mama mmoja mlinzi wa chumba alinifuata taratibu mpaka akauliza kama nimepoteza kitu.

Jengo la kwanza alilichora akiwa na mashaka na madirisha, la mwisho akiwa ameyamudu. Jioni niliendelea na treni hadi Boston.

Ijumaa, Exeter

Kutoka stesheni ya North Station, Boston, treni ya kwenda Maine inasimama Exeter, New Hampshire. Miti imeanza kugeuka rangi. Shule ya Phillips Exeter ni ya bweni, ya zamani, ya watu wenye uwezo, yote kwa matofali, na maktaba niliyoifuata nayo ni ya matofali, kiasi kwamba kwa mbali unaweza kuipita.

Ukiikaribia unaona ilivyo. Kuta za nje zinajibeba zenyewe. Chini, ambako mzigo ni mkubwa, nguzo za matofali ni pana na madirisha ni membamba. Kila ghorofa unayopanda nguzo zinapungua na madirisha yanatanuka. Mzigo umeachwa usomeke ukutani. Ukumbi wa chini unazunguka pande zote nne na mlango hauko dhahiri, nikazunguka jengo lote kabla sijaingia. Mwanafunzi niliyemuuliza alicheka, akasema wageni wote hufanya hivyo.

Ndani ni pete tatu. Ya katikati ni uwazi unaopanda hadi paani, kila upande ukiwa na ukuta wa zege uliokatwa duara kubwa, na kwenye maduara yale unaona rafu za vitabu zimepangana ghorofa kwa ghorofa. Juu kabisa boriti mbili za zege zimekatana kwa umbo la X, nene kuliko inavyohitajika kubeba paa. Mwanga unazigonga na kusambaa chini. Ni ukuta wa Luanda umelazwa darini. Pete ya pili ni vitabu, palipo na kivuli, maana jua linaharibu karatasi. Ya tatu, pembeni kabisa mwa jengo, ni ya wasomaji: vimeza vya mwaloni vilivyojengwa ndani ya ukuta, kila kimoja na kidirisha chake na kilango cha mbao unachokisukuma ukitaka kuona miti, ukakifunga ukitaka kusoma. Unachukua kitabu gizani unakipeleka kwenye mwanga. Nilikaa kwenye kimoja. Mkono wangu wa kushoto ulikuta kilango bila kukitafuta.

Maktaba ilianza kutumika 1971, na vitabu vya jengo la zamani walivihamisha wanafunzi na walimu wenyewe kwa mikono. Nimekaa hapa kuliko mahali pengine popote kwenye safari hii, na kama ningeambiwa nichague jengo moja nimwonyeshe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ningemleta hapa na kumnyang'anya simu. Basi la usiku kurudi New York lilichelewa sana, sina la kusimulia kuhusu hilo.

Jumamosi, New York

Tarehe 17 Machi 1974, Jumapili, Kahn alifika Penn Station akitoka Ahmedabad kupitia London. Alikuwa na miaka 73. Alikuwa anasubiri treni ya nyumbani Philadelphia. Moyo ukasimama, akafia chooni mle stesheni. Kwenye pasipoti anwani ilikuwa imekatwa kwa kalamu, taarifa zikachelewa, na mwili ukakaa mochwari kabla familia haijajua alipo. Kwenye mazishi nyumba zote tatu zilifika.

Nilishuka leo kwenye ile stesheni. Stesheni ya kwanza, ya mwaka 1910, iliyokuwa na paa la kioo juu ya majukwaa, ilianza kubomolewa 1963 na abiria wakasukumiwa chini ya uwanja wa michezo na jengo la ofisi. Dari ni fupi, taa ni zilezile mchana na usiku. Tangu 2021 ng'ambo ya barabara ya 8th kuna ukumbi mpya wa abiria, umepewa paa la kioo tena. Treni zinazopita chini ni zilezile.

Mchana nilichukua treni hadi kisiwa cha Roosevelt, mtoni kati ya Manhattan na Queens. Kwenye ncha ya kusini kuna bustani ya kumbukumbu ya Rais Franklin Roosevelt, ambayo Kahn aliichora miaka yake ya mwisho. Jiji lilikaribia kufilisika, michoro ikawekwa kando, ikafunguliwa Oktoba 2012, karibu miaka 40 baada ya kifo chake. Ngazi pana, safu mbili za miti zinazobanana kadiri unavyosogea, kichwa cha shaba cha Roosevelt, halafu chumba kisicho na paa: kuta tatu za graniti nyeupe, upande wa nne ni maji. Mawe ni makubwa mno, na kati ya jiwe na jiwe wameacha upenyo mwembamba uliosuguliwa ndani mpaka unang'aa. Watoto walikuwa wanachungulia mle. Wazee wawili walikuwa wanagombana kwa Kihispania kuhusu njia ya kurudi. Upepo ulikuwa mkali, sikukaa.

Jumapili, Fort Worth

Mpwa wangu amekuja kunipokea uwanja wa ndege wa Dallas, na tumekwenda moja kwa moja makumbusho, mizigo ikiwa garini.

"Mjomba," akasema tulipokuwa barabarani, "miaka minne hujaja kunitembelea, leo umekuja kutazama zege."

Nikamwambia kiingilio ni bure. Akatulia.

Makumbusho ya Kimbell ilifunguliwa Oktoba 1972. Kwa nje ni mfululizo wa mapaa marefu yaliyopinda, ya kijivu, yamelala chini, hayajitangazi. Mkunjo wa paa ni ule ambao alama ya chaki kwenye tairi la baiskeli huuchora hewani baiskeli inapotembea, uko chini kuliko nusu duara na hauinami kichwani mwa mtu. Kila paa lina urefu wa mita 30 hivi, na kilichonileta Texas ni hiki: limepasuliwa katikati, juu kabisa, mwanzo hadi mwisho. Tao hukaa kwa sababu ya jiwe la juu kabisa, na Kahn amelitoa. Komendant ndiye aliyemwambia kwamba hilo si tao tena bali ni boriti iliyopinda, akaikaza kwa nyaya ndani ya zege, ikabebwa na nguzo nne za pembeni. Ukuta wa mwishoni haubebi kitu, na ili ujue hivyo wameacha utepe wa kioo kati yake na paa.

Jua la Texas linaingia kwenye ule mpasuko. Chini yake kuna bawa la aluminiamu lenye vitundu vidogodogo, lililobuniwa pamoja na mtaalamu wa taa Richard Kelly. Bawa linaurudisha mwanga juu, unapiga tumbo la zege, kisha unashuka kwenye picha ukiwa na rangi ya fedha. Wingu likipita unaona chumba kizima kinabadilika, halafu kinarudi. Hapa ndipo nimeamini kwamba yule mtu wa Richards amelipa deni lake kwa watafiti.

Mpwa wangu alikuwa ameshapotea. Nilimkuta amesimama mbele ya kichwa cha udongo wa kuchoma kutoka Ife, Nigeria, uso wenye mistari myembamba iliyoshuka toka kipajini hadi kidevuni. Mwanga ule wa juu ulikuwa umeingia kwenye kila mstari. "Huyu," akasema, "anafanana na babu wa Pangani." Tukakaa naye huyo mzee wa Ife mpaka walipotangaza kufunga.

Pattison alishiriki kuichora bustani ya nje, miti midogo iliyopandwa kwa safu mbele ya mlango, changarawe ikilia chini ya viatu. Mkewe mpwa wangu ametupikia wali wa nazi. Anasema nazi za kopo za huku si mbaya ukiongeza moto mdogo.

Jumatatu

Makumbusho imefungwa. Nimelala.

Jumanne, La Jolla

Ndege ya alfajiri hadi San Diego. Taasisi ya Salk iko juu ya jabali linaloangalia Pasifiki, kwenye ardhi iliyotolewa na jiji. Jonas Salk, aliyevumbua chanjo ya polio, alimwendea Kahn mwaka 1959 akitaka maabara ambayo angeweza kumkaribisha hata Picasso. Ilimalizika 1965.

Kila mtu ameshaona picha zake: ua wa mawe meupe, mfereji mwembamba wa maji katikati ukielekea baharini, kuta za zege pande mbili. Kahn alitaka kupanda miti hapo. Akamwita msanifu Luis Barragán wa Mexico kutoa ushauri, naye akasema asiweke hata jani, auache uwe uso wa kutazama mbingu. Aliyetuongoza alisema wiki hii, usiku na mchana vikiwa sawa, jua linazama sawasawa kwenye mstari wa mfereji.

Picha hazionyeshi kitu kikubwa zaidi. Kati ya kila ghorofa ya maabara na inayofuata kuna ghorofa nyingine nzima ya mabomba, mtu anatembea ndani yake amesimama wima. Fundi akitaka kubadilisha bomba anaingia humo, mtafiti wa chini hasimamishi kazi. Mizigo yote imebebwa na fremu za Komendant, kwa hiyo maabara hazina nguzo hata moja ndani na zinapangwa upya kila vifaa vinapobadilika. Watafiti hapa hawakubandika karatasi madirishani. Wamepewa vyumba vyao vidogo vya kufikiria, vimetolewa nje ya maabara kwenye minara iliyokatwa pembe ili kila kimoja kipate bahari, na madirisha yake yamewekwa kwenye paneli za mbao za mtiki zenye vilango vya kusukuma.

Zege imeachwa jinsi ilivyotoka kwenye mbao. Matundu ya vyuma vilivyoshika fomu, yaani mbao za kumwagia zege, hayakuzibwa kwa simenti. Yamewekwa madini ya risasi, yamepangwa kwa vipimo. Palipokutana fomu mbili pana mfuo wa herufi V. Nilipiga picha nyingi sana, mpaka aliyetuongoza akanisubiri.

Mtiki wenyewe nilikuja nao na wasiwasi, maana natoka karibu na msitu wa Longuza na najua mbao hiyo inavyozeeka kwenye hewa ya chumvi. Ulikuwa umeharibika kweli: kuvu nyeusi, inayodhaniwa kusambaa kutoka kwenye mikaratusi ya jirani, maji, na mchwa. Wataalamu wa taasisi ya Getty walisaidia kuuchunguza paneli kwa paneli, na ukarabati uliomalizika 2017 umebakiza sehemu kubwa ya mbao za mwanzo. Nilimtumia seremala wangu wa Muheza picha za karibu za viungo. Alijibu kwa sauti kabla sijafika kituo cha basi, ana swali moja tu: nani alilipa?

Nikamwandikia kwamba taasisi yenyewe, na wafadhili wakachangia.

"Ahaa," akasema. "Basi ndiyo maana."